Kiziwi aelewe, asiyeona afuate: jinsi ya kurekebisha tovuti yenye video na sauti

Maswali ni yaleyale. "Manukuu ya mashine, yale maandishi yanayotokea yenyewe chini ya video, hayatoshi?" "Nikibandika ile programu-jalizi yenye alama ya kiti cha magurudumu pembeni ya skrini, si nimemaliza?" "Tovuti yangu ni ndogo, sheria inanihusu nini?" Nimeyajibu vipande vipande mara nyingi mno, sasa nayajibu kwa mpigo mmoja. Kwa kifupi: hayatoshi, hujamaliza, na huenda inakuhusu sana. Majibu marefu yamo ndani ya hatua.

Nimemwandikia mtu ambaye tayari ana tovuti yenye video au rekodi za sauti na hajui aanzie wapi. Si lazima uwe fundi wa msimbo, ila ukiweza kufungua faili la HTML na kubadilisha mstari mmoja, kazi itakuwa nyepesi.

Sheria, kwa ufupi

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 9, unazitaka nchi zilizouridhia zihakikishe habari na mawasiliano yanafikika, intaneti ikiwemo. Chini ya hapo kila nchi ina sheria yake. Marekani wana Sheria ya Wamarekani wenye Ulemavu ya 1990, na Aprili 2024 Wizara ya Sheria ya huko ilitaja kipimo mahususi kwa tovuti za serikali za majimbo na za mitaa. Uingereza wana Sheria ya Usawa ya 2010. Sheria ya Ufikivu ya Umoja wa Ulaya ilianza kutumika tarehe 28 Juni 2025, nayo inawagusa hata walio nje ya Ulaya wanaouza kwa wateja wa huko. Watoa huduma wadogo kabisa, wenye wafanyakazi chini ya 10 na mauzo ya mwaka yasiyozidi euro milioni 2, wameachwa nje.

Majina ya sheria yanatofautiana lakini kipimo karibu ni kimoja: WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zifikike kwa watu wenye ulemavu, unaotolewa na W3C, shirika la kimataifa linaloweka viwango vya wavuti. Toleo la 2.0 lilitoka 2008, la 2.1 likatoka 2018, la 2.2 likatoka Oktoba 2023. Lina ngazi tatu: A, AA na AAA. Lenga AA ya toleo la 2.2, usihangaike na AAA kwa sasa.

Wala si mambo ya jana. Mwaka 2000 Bruce Maguire, mtu asiyeona, alishinda shauri dhidi ya waandaaji wa Olimpiki ya Sydney kwa sababu tovuti yao haikusomeka kwa kifaa chake. Waandaaji walijitetea kuwa kazi ni kubwa na gharama haibebeki. Wakaamriwa kumlipa dola 20,000 za Australia. Hadi leo utetezi wa "kazi ni kubwa" ndio ninaousikia zaidi.

Kama tayari umeshapokea barua ya madai, weka mwongozo huu kando utafute mwanasheria. Mimi najua manukuu, mahakama siijui.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Lahajedwali yenye kila video na kila rekodi ya sauti uliyonayo: anwani yake, urefu, inatazamwa mara ngapi, ina manukuu au haina.
- Kisoma skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona kwa sauti yaliyo kwenye skrini. Kwenye Windows pakua NVDA, ni bure. Mac na iPhone zina VoiceOver tayari, na simu nyingi za Android zina TalkBack.
- WAVE au axe, vyombo vinavyokagua ukurasa na kuonyesha makosa ya ufikivu. Weka kimoja kwenye kivinjari chako.
- Programu ya kuhariri manukuu. Subtitle Edit ni bure, na ukikwama hata Notepad inatosha, kwa sababu faili la manukuu ni maandishi matupu.
- Mtu angalau mmoja anayetumia kisoma skrini kila siku, na kiziwi mmoja. Walipe. Hawa ni mafundi wa jambo ambalo wewe hulijui.

Hatua ya 1: Weka kipanya mbali

Fungua ukurasa wenye video. Usiguse kipanya. Tembea kwa kitufe cha Tab, rudi nyuma kwa Shift na Tab, bonyeza kwa Enter au kitufe cha nafasi. Je, kila ukibonyeza Tab unaona uko wapi? Unaweza kuanzisha video, kuisimamisha, kupunguza sauti, kuwasha manukuu? Na baada ya hapo, unaweza kutoka?

Swali la mwisho ndilo lenye hila. Kuna vicheza video vinavyomeza Tab: ukiingia hutoki, unazunguka kati ya vitufe vilevile mpaka ufunge ukurasa. Huo unaitwa mtego wa kibodi, na unavunja WCAG kwenye ngazi ya chini kabisa, ile ya A.

*Kosa la kawaida:* mbunifu ameona ule mstari unaozunguka kitufe kilichochaguliwa unaharibu urembo, akaandika `outline: none`. Uondoe huo msimbo leo hii, au uweke mstari mwingine unaoonekana vizuri.

Hatua ya 2: Panga foleni

Usianze na video ya kwanza kwenye orodha. Anza na ile ambayo mtu asipoielewa anakosa huduma: jinsi ya kujisajili, jinsi ya kulipa, maelekezo ya usalama. Kisha zinazotazamwa sana. Za zamani ambazo hazina mtazamaji, zitoe. Wengi huona uchungu kufuta, lakini video isiyotazamwa na isiyo na manukuu inakungojea siku ya malalamiko tu.

Hatua ya 3: Manukuu

Hapa kaa, usikimbie.

Manukuu ya mashine ni rasimu. Tatizo si tahajia mbaya, tatizo ni maana. Kwa Kiswahili ukanushi mara nyingi umebebwa na silabi moja katikati ya neno, na silabi hiyo ndiyo mashine huimeza kwa urahisi. Nilipohariri video ya mafunzo ya mtambo, fundi alisema "Usizime mashine kabla taa haijawa ya kijani." Mashine ikaandika "Uzime mashine kabla taa haijawa ya kijani." Herufi mbili zimepotea, onyo limegeuka agizo. Anayesikia hakuona shida yoyote, kwa sababu alisikia. Kiziwi angezima.

Kwa hiyo: iache mashine itoe rasimu, kisha keti na sauti masikioni upitie neno kwa neno. Video ya dakika 10 inaweza kukuchukua saa nzima mara ya kwanza. Ndivyo ilivyo.

Faili lenyewe likikamilika linafanana na hili:

```
WEBVTT

00:00:01.000 --> 00:00:04.200
[king'ora kinalia]

00:00:04.600 --> 00:00:08.000
FUNDI: Usizime mashine
kabla taa haijawa ya kijani.

00:00:08.400 --> 00:00:10.500
MWANAFUNZI (kwa mbali):
Imeshajizima yenyewe!
```

Angalia mambo matatu. King'ora kimeandikwa, kwa sababu bila hicho kiziwi hajui kwa nini watu wamegeuka ghafla. Msemaji ametajwa pale ambapo picha haionyeshi nani anaongea. Na mistari haizidi miwili kwa wakati mmoja, ikikatwa mahali ambapo mtu angepumua. Usikate "kabla taa / haijawa" ukaacha kitenzi kikining'inia peke yake.

Lihifadhi kama `somo1-sw.vtt`, kisha liunganishe ndani ya video:

```
<track kind="captions" src="somo1-sw.vtt"
 srclang="sw" label="Kiswahili" default>
```

*Kosa la kawaida:* kutafsiri maneno ukaacha sauti nyingine zote. Tafsiri inamfaa anayesikia lakini hajui lugha. Manukuu ya kiziwi yanabeba na mlango unaobamizwa, kicheko, muziki unaobadilika. Si lazima uandike kila kikohozi, andika sauti inayobeba maana.

*Kosa jingine:* kuyachoma manukuu ndani ya picha yenyewe. Yanaonekana, ndiyo, lakini mtazamaji hawezi kuyakuza wala kubadilisha rangi, na kifaa cha nukta nundu (maandishi ya kusomwa kwa vidole) hakiwezi kuyasoma. Na ukigundua kosa la tahajia, unarudi kutengeneza video upya.

Hatua ya 4: Fumba macho

Cheza video yako huku umefumba macho. Kila unapopotea, andika dakika na sekunde. Orodha hiyo ndiyo kazi yako ya maelezo ya sauti, yaani sauti inayomweleza asiyeona kile kinachotokea kwenye picha bila kutamkwa. Ngazi ya AA inayataka kwa video zilizorekodiwa.

Watu husikia "maelezo ya sauti" wakafikiria studio na msimulizi wa kulipwa. Mara nyingi hakuna haja. Katika video nyingi za mafunzo nilizopitia, adui ni mmoja: neno "hapa". "Bonyeza hapa, halafu hapa, kama mnavyoona." Asiyeona haoni. Hata mwenye simu ya kioo kidogo juani haoni. Sasa sikia: "Juu kulia kuna kitufe chekundu kilichoandikwa Hifadhi. Kibonyeze. Chini yake itatokea alama ya tiki." Video ileile, urefu karibu uleule, na maelezo ya sauti hayahitajiki tena kwa sababu msemaji mwenyewe ameshaeleza.

Kwa hiyo hatua hii, kwa video mpya, inafanyika kabla kamera haijawashwa. Chukua mswada, futa kila "hapa", "hiki" na "kama unavyoona", weka jina la kitu na mahali kilipo. Chati ikionyeshwa, takwimu zake zitajwe. Ukifanya hivi umejipunguzia nusu ya mateso ya mwongozo huu wote, na bure kabisa.

Kwa video za zamani una njia mbili. Kama kuna nafasi kati ya maneno, rekodi maelezo mafupi uyaweke katika nafasi hizo. Kama msemaji hapumui, tengeneza toleo la pili ambalo picha inasimama kidogo, maelezo yanasemwa, kisha inaendelea. Chapisha toleo hilo kama video ya pili na uweke kiungo chake chini ya ile ya kwanza. Msimbo wa HTML una `kind="descriptions"`, lakini usiutegemee, vivinjari haviusomi kwa sauti vyenyewe.

Hatua ya 5: Maneno yote kwenye ukurasa

Rekodi ya sauti tupu, kama podikasti, inahitaji maneno yake yote yaandikwe ukurasani. Ni ngazi ya A, hakuna mjadala. Kwa video nakuomba ufanye vilevile hata pale usipolazimishwa. Mtu asiyeona na asiyesikia kwa pamoja anasoma kwa vidole kupitia kifaa cha nukta nundu, na maandishi haya ndiyo mlango wake pekee. Kwa kuwa manukuu umeshayasahihisha, ondoa muda, unganisha aya, ongeza yanayoonekana. Umemaliza.

Hatua ya 6: Kicheza video na mambo yanayocheza yenyewe

Nilipoketi mara ya kwanza na mtumiaji asiyeona kujaribu ukurasa niliojivunia, kompyuta yake ilisema: "kitufe, kitufe, kitufe, kitufe." Vitufe vinne, hakuna hata kimoja chenye jina. Nilikuwa nimeweka picha za pembetatu na spika nikaona yametosha. Akaniuliza kwa upole, "Nibonyeze bahati yangu?" Tangu siku hiyo kila kitufe nakipa jina: `aria-label="Cheza"`, `aria-label="Zima sauti"`.

Mengine hapa ni ya kupima kwa saa. Sauti inayoanza yenyewe na kuzidi sekunde 3 lazima iwe na njia ya kuisimamisha au kuipunguza. Bora zaidi isianze kabisa, kwa sababu inazungumza juu ya kisoma skrini na mtu hasikii hata anapotafuta kitufe cha kuizima. Picha zinazojiendesha zenyewe pembeni ya maandishi na kuzidi sekunde 5 ziwe na kitufe cha kuzisimamisha. Na mwanga wa kitu chochote usiwake na kuzimika zaidi ya mara 3 ndani ya sekunde moja. Hili usilichukulie kama urembo: Desemba 1997 nchini Japani, katuni moja ya televisheni yenye mimweko ya mwanga ilipeleka mamia ya watoto hospitalini.

Hatua ya 7: Vilivyobaki ukurasani

Haya yameandikwa kila mahali, nayapita haraka. Kila picha yenye maana ipewe maandishi mbadala, na picha ya mapambo iachwe na `alt=""` ili kisoma skrini kiiruke. Rangi ya maandishi na ya nyuma yake ziwe na uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, au 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Vitufe visiwe vidogo kuliko pikseli 24 kwa 24. Andika `lang="sw"` juu ya ukurasa wa Kiswahili. Video iliyopachikwa kutoka kwingine, yaani `iframe`, ipewe `title` inayosema ni video ya nini.

Matangazo mubashara yanahitaji manukuu mubashara, AA inayataka. Ajiri mwandishi wa papo kwa papo mapema. Na ukimweka mkalimani wa lugha ya alama, usimfanye mdogo kama stempu kwenye kona.

Hatua ya 8: Jaribu na watu, kisha andika ukweli

Endesha WAVE kwanza usafishe makosa ya wazi. Kisha washa NVDA, zima skrini yako, ujaribu kutazama video moja mwanzo hadi mwisho. Kisha wape wale watu wawili uliowaandaa kazi halisi ("tafuta video ya kujisajili, niambie hatua ya tatu ni ipi") ukae kimya. Kukaa kimya ni kugumu kuliko unavyodhani.

Mwisho weka ukurasa wa taarifa ya ufikivu: unalenga kipimo gani, nini bado hakijatengenezwa na kitatengenezwa lini, na barua pepe ya kupokea malalamiko. Barua pepe hiyo isomwe na mtu. Mtu anayejibiwa ndani ya siku mbili mara nyingi haendi kwa wakili.

*Onyo kuhusu ile programu-jalizi:* inakuza herufi na kubadilisha rangi, lakini haiandiki manukuu sahihi, haielezi picha na haifungui mtego wa kibodi. Januari 2025 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza kuwa kampuni moja inayouza kifaa cha namna hiyo italipa dola milioni 1, kwa kudai kinaweza kuifanya tovuti yoyote itimize WCAG.

Ikikwama

*Manukuu hayaonekani kabisa.* Mstari wa kwanza wa faili lazima uwe `WEBVTT`. Kisha tazama muda: ukigeuza kwa mkono faili la SRT, aina nyingine ya faili la manukuu, sekunde zake zina mkato (04,600) na VTT inataka nukta (04.600). Kama unafungua ukurasa moja kwa moja kutoka folda ya kompyuta yako, kivinjari kinaweza kukataa kulipakia. Lijaribu ukiwa kwenye seva.

*Yanaonekana lakini herufi zimevurugika.* Lihifadhi upya kwa UTF-8, mfumo wa herufi unaouchagua unapohifadhi faili.

*Yanachelewa.* Kama yanachelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo, mtu amekata au kuongeza utangulizi, kwa hiyo sogeza yote kwa pamoja. Kama yanazidi kuchelewa kadiri video inavyoendelea, manukuu yametengenezwa kwa nakala yenye kasi tofauti ya fremu. Tafuta nakala sahihi, usisogeze mstari mmoja mmoja.

*NVDA inasoma Kiswahili kwa lafudhi ya Kiingereza.* Umesahau `lang="sw"`, au sauti iliyochaguliwa haina Kiswahili. Chagua eSpeak NG, inakuja pamoja na NVDA na Kiswahili kimo.

*WAVE haionyeshi kosa lolote lakini watu bado wanalalamika.* Chombo kinajua kama picha ina maandishi mbadala, hakijui kama maandishi hayo ni "IMG_2041". Waamini watu.

*Video si yangu, nimeipachika tu kutoka kwa mwingine.* Mgeni wako hajali ni ya nani, yuko kwenye ukurasa wako. Mwombe mwenye video aweke manukuu. Akikataa, andika maneno yote chini yake au tafuta video nyingine.

*Bosi anasema tusubiri mpaka mtu alalamike.* Mwombe akae dakika 10, umwekee video ya kampuni bila sauti na bila manukuu, halafu umuulize bei iliyotajwa ni kiasi gani.